Nani Alimudanganya Shetani?

Kambale mujukuu wangu,

Ni mimi mukaka wako ninasema, na dada yako Kavira anaandika. Sikuingia masomo hata siku moja, unajua, donc basi ukiona mistari iliyonyooka ni ya Kavira, na ukiona maneno makali ni yangu. Ameniambia, "Mukaka, barua inaanzaka na salamu." Nimemujibu: salamu ya nini? Mutu mwenyewe iko nyuma ya nyumba, anafunga sanduku lake, tunasikia nyundo. Salamu nitamupa kesho asubui mbele ya kamio itakayokubeba, na mikono yangu mbili, batu bote bataona.

Utauliza juu ya nini tunakuandikia na uko hapa karibu. Ni juu ya tabia yako. Nikianza kuongea maneno ya Mungu unachukua jembe unaenda shambani. Barua haikimbiwi. Utaisoma kule Mbau, kwa muyomba wako, na jembe litakuwa la muyomba, hautalichukua bila kuomba.

Sitakuambia ya kufua nguo wala ya kujichunga na homa. Mutu aliyekaa musituni na batu ya bunduki, akarudi na miguu yake yote mbili, anajua kujichunga. Muyomba atakuonyesha mipaka ya shamba, na bibi yake anapika sombe nzuri ya majani ya muhogo, nilikula mwenyewe mpaka nikaona haya. Mimi niko na neno moja tu. Mais lakini ni refu.

Ni juu ya ile siku ya mafundisho ya ubatizo.

Kavira alikuomba uwe parrain, musimamizi wa ubatizo wa mutoto wake Mumbere. Ulikubali, na ulifua shati. Tulienda parokia pamoja na wazazi wengine na basimamizi bao, ili padri atufundishe gisi ya kujibu. Akasimama mbele yetu akasema: siku ya ubatizo nitauliza, "Munamukataa Shetani?" na kila mutu atajibu, "Ninamukataa." Tujaribu kwanza. Akauliza. Batu bakajibu. Mimi nilijibu kwa nguvu mpaka mama mumoja wa mbele akageuka kunitazama. Nilipogeuka mimi pia, kukutazama wewe, nafasi yako ilikuwa wazi.

Nilikukuta nyuma ya kanisa, umekaa juu ya chukudu ya mutu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, unatazama magurudumu.

"Kambale, unakimbia nini?"

"Mukaka, banauliza kama ninamukataa Shetani."

"Ndiyo. Utasema ndiyo, tutaenda kula."

"Nitamukataa gisi gani? Shetani njo jina langu."

Nilijua jina lile. Mukubwa wenu wa musituni njo alikupa, na ulipofika Butembo lilikuwa limefika mbele yako. Hata sokoni, vijana ya chukudu banaitaka, "Shetani, kuja tusukume!" Banacheka, hawana ubaya. Kinachonikasirisha si bao kuita. Ni wewe kugeuka.

Kisha uliniuliza lingine. Ulisema, "Mukaka, Shetani nani alimuumba? Kama ni Mungu njo alimuumba vile, basi na mimi aliniumba vile."

Siku ile sikukujibu. Nilisema maharagi yanaungua, tuende. Hayakuwa yanaungua, hata moto haukuwa umewaka. Nilikuwa natafuta wakati. Sasa wakati umekwisha juu kesho unaenda, na Kavira anasema hatafuti parrain mwingine, na mutoto iko hapa kwenye mugongo wangu bila ubatizo. Donc sikiliza.

Nilipokuwa musichana mudogo Vuhovi, katekista wetu alikuwa muzee Katembo. Mutu mwema, mwenye kikohozi. Alitufundisha chini ya paa ya majani, bitoto bingi na kamasi zetu. Alisema: mbele ya dunia, mbele ya mulima na mbele ya maji, Mungu aliumba bamalaika. Bote bazuri. Mumoja alikuwa muzuri kupita benzake, na jina lake lilikuwa jina la mwangaza. Mais alijitazama sana. Akasema, juu ya nini nipige magoti? Akakataa, na benzake bengine bakamufuata, bakatupwa chini. Kisha akakuja kumudanganya Eva, na Eva akamupa Adamu, na toka siku ile tunalima kwa jasho na tunazaa kwa uchungu.

Mimi nikanyanyua mukono. "Muzee, Adamu alidanganywa na Eva?"

"Ndiyo."

"Na Eva alidanganywa na Shetani?"

"Ndiyo, mutoto muzuri."

"Na Shetani, nani alimudanganya?"

Muzee Katembo akakohoa, akakohoa tena, nikafikiri atanipiga. Akasema, "Wewe, hata mimi nilikuwa nauliza hiyo." Akatutuma nyumbani mbele ya saa. Nilikuwa na furaha kama mutu aliyepewa nyama. Sikuwa nimepata jibu, mais nilijua kama swali langu halikuwa la ujinga.

Nilibeba lile swali mpaka kwenye ndoa yangu. Na kule, jibu lilinikuta jikoni, kwenye pombe ya ndizi.

Unajua kasiksi yangu, batu banatokaka mbali kuinywa. Mais mwanzoni sikujua kitu. Mama mukwe wangu alinifundisha: unazika ndizi kwenye shimo na majani mpaka ziive, unazimenya, unazikamua na majani makali kwenye mutumbwi wa muti, maji yake matamu unayachanganya na unga wa mutama uliokaangwa, unafunika, unangoja. Ukitoa mapema, ni kinywaji cha batoto. Ukitoa kwa wakati, bazee banaimba. Mwaka mumoja kulikuwa ndoa ya shemeji yangu, na mimi nikataka pombe yangu iwe kali kupita ya bamama bote. Nikaiacha ikae zaidi. Nikaiacha tena. Siku ya karamu tulipofunua, harufu yake peke yake ilitoa batu machozi. Ilikuwa imechacha, chachu ya kuoshea bidonda.

Unafikiri nilisema nini? Nilisema ni wifi yangu. Siku mbili mbele ya karamu alikuwa amefunua majani akachungulia ndani ya mutumbwi, na kwetu unajua, pombe ikiharibika tunatafutaka kwanza nani aliichungulia na macho mabaya. Nikapiga kelele mbele ya bageni, mwanamuke huyu ni mulozi, ameingiza Shetani kwenye pombe yangu! Wifi analia, bwana yangu amekamata kichwa. Mama mukwe akachota kidogo na kibuyu, akaonja, akatema.

"Hakuna mutu humu ndani," akasema. "Uliiacha."

"Mais mama, yeye alichungulia!"

"Alichungulia juu alikuwa na kiu. Ndizi zilikuwa nzuri, mutama ulikuwa muzuri, mutumbwi ni wa mama yangu. Wewe ulitaka ipite pombe zote. Njo iko hapa."

Bageni balicheka, Kambale, ile siku balinicheka mpaka jioni. Wifi yangu pia alicheka, na machozi yake bado hayajakauka. Kwa pombe iliyofuata nilimupelekea ya kwanza kabisa, chombo kizima, na mpaka alipokufa tulikuwa marafiki, na mpaka alipokufa alikuwa ananiita Mama Mulozi.

Mais usiku... Kavira, futa usiku, haikuwa usiku. Kesho yake asubui nilikuwa naosha ule mutumbwi, na neno la muzee Katembo likarudi. Nikasema kumbe! Hakuna ndizi chachu. Zunguka kote, hapa Butembo, Vuhovi, Beni, hata kule Mbau unakoenda, hautaona shamba pahali banapanda ndizi ya uchachu. Uchachu hauna muti wake. Hauna mbegu. Ni utamu ule ule, uliopita pahali pake.

Njo vile nikaelewa Shetani. Mungu hakumupanda. Mungu alipanda malaika, tena muzuri, na ule malaika akataka kupita bote, akapita pahali pake. Hakuna mutu alimudanganya. Hakukuwa na mwingine wa kumudanganya. Ubaya haukuumbwa siku ya kwanza wala siku ya sita. Mungu alipotazama kazi yake alisema ni nzuri, na hakusema uongo.

Nilijisikia na akili sana. Nilipopata nafasi nikamuambia padri, ule wa zamani mwenye ndevu. Alisikiliza vizuri, akaomba tena kikombe cha kasiksi, kisha akasema, "Mama, ni neno zuri. Mais pombe haina mapenzi. Haichagui kuchacha. Malaika alichagua."

Nilirudi nyumbani na hasira, juu alikuwa na haki. Nililigeuza lile neno siku mingi, nikiwa ninapalilia. Na nitakuambia kitu kilichonifurahisha ndani yake, na ukisahau mengine yote ushike hiki. Pombe iliyochacha hairudi kuwa tamu, hata uiombee. Mais mutu anarudi. Juu ni mutu, juu anachagua leo, anachagua tena kesho. Nilimuuliza padri, "Na Shetani, yeye anaweza kurudi?" Akasema hapana, yeye alichagua mara moja, akijua yote, na hataki kurudi. Basi. Ya Shetani ni ya Shetani. Mimi sina mujukuu wa jina hilo.

Sasa usifikiri ninakuosha. Uliyoyafanya kule, uliniambia kidogo, na ile kidogo ilinitosha; sikulala vizuri. Ni yako. Usije siku moja ukasema, "Shetani alinituma." Wakati ule wa vita batu balisemaka vile kila pahali: Shetani ameingia Butembo, Shetani amepita njia ya Beni. Mimi nilikuwa nauza viazi pembeni ya barabara, na macho yangu bado yalikuwa mazima. Nilitazama bote bakipita, bale ba mbele na bale ba nyuma, na bale balisema banafukuza bale. Sikuona pembe. Niliona vijana na mabuti makubwa kupita miguu yao. Mumoja alinyakua viazi vyangu, na alipokuwa ananyakua alisema "Aksanti mama," juu mahali fulani kulikuwa mama alimufundisha. Nilimulaani, na kisha nikamulilia. Shetani hana mama wa kumufundisha aksanti.

Donc usimupe Shetani kazi yako, na usijipe jina lake. Yote mbili ni kukimbia. Ukisema alinituma, haukufanya kitu. Ukisema mimi ni yeye, hauna tena kitu cha kufanya. Na kazi iko mingi.

Na wewe uliianza hiyo kazi tayari. Unafikiri sijui? Nilikuwa sokoni, mama mumoja wa Vuhovi akanisogelea, mujane, na kitambaa cha manjano.

"Wewe njo mukaka wa ule kijana murefu, mwenye sikio lenye kovu?"

"Ni mimi. Amefanya nini?"

"Alilima shamba langu la viazi."

"Alilima? Alikuomba nini?"

"Hakuna. Nilimupa chakula, akakataa. Nilimuuliza jina, akaendelea kulima. Mais nilimujua, mama. Ni mumoja wa bale balichukua mbuzi zangu."

Nikasema, "Na wewe ulimuambia nini?"

"Nilimuambia mistari yake haikunyooka."

Kisha tulicheka, Kambale, tulicheka tukashikana mabega, mpaka muuza chumvi akatuambia tuondoke mbele ya meza yake. Sitakudanganya: ule mama hakusema amekusamehe. Hakusema. Alisema viazi vimeota. Mimi nilitembea mpaka nyumbani kama musichana. Sikukuambia, juu ungeacha kwenda ukijua ninajua. Sasa unaenda mbali, ninaweza kusema. Siku utapita tena Vuhovi, nyoosha mistari.

Jina lako ni Kambale. Unajua kwetu jina halichaguliwi kwa uso. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere ao Paluku, na wewe ulikuwa na kaka yako Paluku aliyekufa angali ananyonya. Wa pili ni Kambale. Ulipozaliwa hatukukutazama kwanza kama uko mutulivu ao wa fujo, ao utatutia haya. Ulikuja wa pili, basi, Kambale. Mama yako alilisema, Mungu amurehemu, na baba yako akalirudia mulangoni kwa sauti. Mukubwa wa musituni alikukuta tayari na jina. Alikupa lingine juu ya kazi aliyotaka umufanyie. Kazi imekwisha. Na hata ule malaika, Mungu hakumuita Shetani siku ya kumuumba. Lile ni jina alilolifanyia kazi yeye mwenyewe, na bado analifanyia. Wewe uliacha. Ulitoka usiku wa mvua, ulitembea, ulikuja ukagonga kwangu ukasema, "Mukaka, ni Kambale." Haukusema jina lingine. Nilikusikia vizuri, niko na masikio.

Kavira anasema mukono unamuuma. Nimemuambia aunyooshe kidogo, nitamupa uji. Mutoto ameamka, anavuta kilemba changu. Maharagi leo yanapikika kweli, na mvua haijakuja, na sisi bote batatu tuko hapa mulangoni kama batu bazima. Sijui mambo mingi, Kambale. Juu ya nini Mungu alimuacha malaika achague vile, akijua tutalia hivi, sijui. Muzee Katembo alikufa bila kujua. Nitamuuliza Mungu nikifika, na ninafikiri nitakuta mustari murefu wa batu na swali lile lile. Nitangoja. Mais siku kama ya leo sina haraka ya kuuliza.

Sasa ninamaliza na ile siku ya kanisa.

Nilifikiri sana juu ya padri na swali lake. Alitutazama sisi bote, mama na baba, bazee na vijana, mimi na meno yangu matatu, na akauliza kama tunamukataa Shetani. Hakuuliza, "Nani hapa hamujui Shetani?" Ingekuwa vile, sisi bote tungetoka, na padri mbele yetu, tungekaa bote juu ya chukudu. Anauliza juu anajua kila mumoja iko na kitu mukononi cha kutupa. Mutu asiye na kitu cha kukataa, unamuuliza ya nini?

Na Shetani mwenyewe, haulizwi. Fikiri vizuri. Hakuna padri anayesimama mbele yake na maji na mafuta na kumuuliza, unakataa? Hakuna anayengoja jibu lake. Wewe unaulizwa. Padri alikutazama akangoja. Mutoto iko hapa anangoja. Ungekuwa yule unayesema, swali lisingekufikia hata kidogo. Ulikimbia kitu ambacho kilikuwa kinakuita jina lako la kweli.

Katekista wa hapa alikuja juzi. Alisema, "Mama, tutafute parrain mwingine, mutoto atachelewa." Nikasema hapana. Akasema, "Mais mama, na homa za siku hizi?" Nilijua anasema kweli, na hofu iko ndani yangu. Donc tulipanga: kama hatari inakuja, Kavira atamumwagia maji kwenye kichwa na kusema maneno, padri alitufundisha, na Mungu atapokea. Hiyo ni ya hatari. Mais mafuta, na mushumaa, na mutu wa kujibu kwa ajili yake, bile binakungoja wewe. Katekista alitikisa kichwa. Nilimupa kasiksi, akaacha kukitikisa.

Mbau si mbali. Kamio zinapita kila siku, na bashofere bananijua juu ya kinywaji changu. Ukiwa tayari, muambie shofere mumoja, "Sema kwa mukaka, Kambale anakuja Jumapili." Atanifikishia. Hapana kuleta kitu. Leta kinywa.

Na ikichelewa, itachelewa. Ikichelewa mpaka Mumbere anaota ndevu, tutamubatiza na ndevu zake, na wewe utasimama nyuma yake, mukono kwenye bega lake, na padri atauliza. Mimi nitakuwa mustari wa mbele, nitageuka kukutazama, kama ule mama wa siku ya mafundisho. Jibu kwa nguvu.

Mukaka wako